Herufi Mbili

Ofisini kwetu Tanga, ghorofa ya pili, droo ya ramani za zamani
hufunguka kwa goti, si kwa mkono.
Karatasi ya Korogwe imeliwa na mende pembeni
lakini mlima upo: duara ndani ya duara,
na katikati, kwa wino wa karani, SEMETA.

Ni babu yangu huyo. Ameandikwa vibaya.

Kabla yake haukuwa na jina.
Watu wa Kwemdole waliuonyesha kwa kidevu: ule.
Mvua imeshika ule. Mbuzi kaelekea ule.
Hakuna aliyeupanda. Upande kufuata nini?
Kuni ziko chini, maji yako chini,
na deni halikai juu ya mwamba.

Shemweta ndiye deni lilimkimbiza.
Kipande chake cha mkonge kilibaki na siku kumi na moja nyeupe,
kiganja kimetobolewa na miiba,
na mnyapara hataki habari za kiganja.
Akachukua sufuria, chumvi, magimbi manne,
akapanda usiku, kwa magoti penye utelezi,
mpaka mahali ambapo hata ukungu hupumzika.
Siku ya tatu baridi ikamshinda.
Akawasha moto.

Siku hiyo hiyo, kana kwamba wamepatana,
wakaja wapimaji na mnyororo wao,
karani wa pwani, Mwinchande, kalamu sikioni,
na nyuma yao askari mwenye orodha ya watoro.
Mandia alikuwa kibarazani, anamenya ndizi.
Karani akauliza, "Mama, kule juu ni wapi?"
Akainua macho. Akauona moshi.
Mdomo ukautangulia moyo:
"Shemweta!"

Askari akageuka.
Kisu kikasimama katikati ya ganda.
Mate yalinikauka, bibi alinisimulia,
nikaona hata ndizi zinanitazama.
Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto,
"Mlima. Mlima ndio Shemweta.
Tangu enzi. Na ule si moshi, ndivyo unavyopumua asubuhi."
Karani akaandika. Alikuwa na haraka,
au sikio lake la pwani halikuzoea miinuko;
h na w zikadondoka njiani.

Alishuka baada ya wiki sita, amekonda kama mwiko.
Jina lake halikuwepo tena. Lilikuwa na mwenyewe.
Askari akiita "Shemweta!" kwenye mstari wa kodi,
kijiji kizima kinainua kidevu kuelekea juu,
kwa heshima, bila kucheka.
Akaandikwa shamba jingine, Muheza, kama Sefu Mpishi,
akalipwa kama Sefu, akazikwa kama Sefu,
nasi ni kina Mpishi mpaka leo
ingawa marehemu alijua magimbi tu.
Bibi peke yake, akikasirika, alimwita kwa jina,
na sisi watoto tulidhani anautukana mlima.

Jumamosi nilipanda. Sikukuta mafiga,
sikukuta sufuria. Kuna mnara wa simu
na mlinzi anayechoma mahindi, aliyeniuliza
kama nimetumwa na kampuni.
Lakini kabla ya kufika kwake, kwenye mteremko wa mwisho,
nilisimama mikono kiunoni
na kifua kikasema hhh, kikasema www,
nikacheka peke yangu: kumbe zilianguka hapa.

Sasa fomu ya masahihisho iko mezani.
Jina lililopo: Semeta.
Jina sahihi: nimejaza, kwa mwandiko wa kutulia.
Sababu ya kubadilisha: wameacha mistari miwili tu.
Nimeandika neno moja, moshi.
Bosi kalisoma akiwa amesimama, chai mkononi.
"Dada," kasema, "Moshi ni Kilimanjaro.
Hii si ni Korogwe?"